Petroli ya Kurudia

Vespa yetu haina geji ya petroli. Nasema yetu kwa sababu ilikuwa ya baba kabla haijawa yangu, na mpaka leo wazee wa mtaani kwetu Mkunazini wakiisikia inapita husema, "Marehemu huyo." Ukitaka kujua petroli iliyobaki unashika usukani kwa mikono miwili, unaitikisa vespa kulia na kushoto, unainama mpaka sikio likaribie kiti, na unasikiliza. Ikisema, petroli ipo. Ikinyamaza, imekwisha. Tangi lililojaa pomoni nalo halisemi, lakini hiyo si hali tuliyoizoea nyumbani kwetu.

Baba alikuwa mfanyakazi wa shamba la serikali Kizimbani, upande wa karafuu, na kila siku alikwenda na kurudi kwa vespa hiyo. Kwa chakula, kwa nguo na kwa sadaka alikuwa mkono wazi. Petroli peke yake ndiyo iliyokuwa ikimtoa roho. Alinipakia mbele, nimesimama kwenye ile nafasi baina ya kiti na usukani wanakosimama watoto wa mjini, akanifundisha huku tunakwenda. Tairi ziwe ngumu. Mkono wa petroli uuguse tu, usiukamue. Ukiona watu wanavuka mbele, punguza mapema, usingoje mpaka ufunge breki, kwa sababu kila breki ni petroli uliyoinunua ukaimwaga njiani. Penye mteremko kamata klachi, vespa iende yenyewe, lakini usiiteremshe na gia huku umefunga petroli, kwani vespa hunywa oili yake humo humo ndani ya petroli, na ukiizungusha bila ya petroli unaikausha koo. Nilikuwa sijamaliza juzuu Amma chuoni, lakini hayo nilikuwa nayajua kwa moyo.

Jambo moja lilimuuma baba maisha yake yote. Nilipozaliwa mimi alikuwa Pemba. Ulikuwa msimu wa karafuu na alipelekwa huko kikazi, na alipopata njia ya kurudi nilikuwa nimeshapewa jina. Aliyeniadhinia sikioni alikuwa jirani yetu, mzee mwema, ila alikuwa na kikohozi. Mama alizoea kunitania kwamba ndiyo maana siwezi kuanza kusema mpaka nikohoe kwanza. Baba hakuucheka mzaha huo hata siku moja. Aliwahi kuniambia, tumekaa barazani anasafisha plagi kwa msasa, kwamba sauti ya kwanza anayostahiki mtoto kuisikia duniani ni ya baba yake, na kwamba yeye sauti alikuwa nayo, ila alikuwa ng'ambo ya maji.

"Wewe usije ukachelewa," alisema, na akaendelea kusugua plagi ambayo ilikuwa imeshang'ara.

Alifariki sijaoa. Nikarithi vespa, na neno lile nalo nikalirithi.

Mke wangu ni mtu wa Kizimkazi. Alikuja dukani kwangu Mlandege, ninakotengeneza vyerehani, na cherehani cha mama yake kilichokuwa kikiruka mshono. Tatizo lilikuwa sindano imetiwa kinyume, lakini nikamwambia arudi kesho, na kesho yake nikamwambia arudi tena. Mara ya tatu akaniuliza kama mimi ni fundi wa cherehani au ni fundi wa kurudisha watu. Mwaka uliofuata tukaoana.

Mimba ya mwanzo, kwa kawaida yetu, mwanamke huizalia kwao. Mwezi wa saba ulipoingia mama mkwe alikuja mjini mwenyewe kumchukua, na mimi nikabaki na nyumba, paka, na sufuria ambazo sikujua zinakaa wapi. Sikujua kuwa nitamkosa vile. Nilikuwa nikifika nyumbani naita kutoka mlangoni, kisha nakumbuka.

Ukweni mtu haendi kama anavyokwenda kwao. Mwanamme anafika, anasalimia, anakula anachopewa, anasifu, anaondoka jua lingali juu. Kulala ni aibu, na ukilala siku mbili watu wanaanza kukutafutia jina. Kwa hiyo nilikwenda kila Ijumaa na kurudi Ijumaa hiyo hiyo. Baina ya miguu, pale pale nilipokuwa nikisimama utotoni, niliweka nilichochukua: mikate ya ajemi, sukari, au dumu la mafuta ya kula. Mama mkwe akiisikia vespa alikuwa akitoka kabla sijaizima, na akipokea kilicho baina ya miguu yangu kabla ya kupokea salamu. Si uroho. Mgeni hupokewa mzigo kwanza. Nami nilimtazama mikono tu, maana mama mkwe hatazamwi usoni, na kila alilolisema nililiitikia naam. Kwangu alisema Kiswahili cha mjini kwa kuniheshimu, kisha akigeuka kwa binti yake alisema lugha yao ya kusini, mbio mbio, wakacheka, na mimi nikabaki kutazama kuku.

Mwezi wa mwisho wa mimba ndipo ikaja shida ya petroli.

Meli haijafika, au imefika haijashusha, au imeshusha lakini si petroli. Kila mtu Darajani alikuwa na habari yake na kila mmoja aliisikia kwa mtu anayejua. Vituo vilifunguliwa saa chache kisha vikafungwa. Madumu yakakatazwa, na kila chombo cha magurudumu mawili kikawa kinatiliwa lita mbili, basi. Watu walipanga helmeti zao chini zishike foleni, wenyewe wakajiegemeza kivulini, na helmeti zilikuwa na adabu kuliko wenyewe. Lita mbili, kwa vespa ya umri ule, ni Kizimkazi ya kwenda. Ya kurudi haimo. Na mkunga alikuwa amekwisha kusema kwamba mtoto angeweza kuja siku yoyote.

Nikaanza kuishi kama baba. Jioni nikifunga duka nilikwenda foleni, na mara nyingi helmeti yangu ilifika karibu ya pampu wakasema imekwisha. Nikijaaliwa kupata, niliisukuma vespa mpaka nyumbani bila ya kuiwasha, nikapita nayo vichochoroni huku majirani wananipa pole na kuniuliza imeharibika nini. Halafu niliinyonya petroli tangini kwa mpira, nikaitia kwenye dumu la manjano, nikaichanganya na oili na kuiweka. Akiba haiozi. Mke wangu akipiga simu alisema sauti yangu inanuka petroli, na kweli kila nilichokula wiki zile kilikuwa na ladha hiyo.

Ijumaa ile nilikuwa na lita mbili tangini na dumu lililopita nusu. Ya tangi ya kwendea, ya dumu ya kurudia, na nikirudi ibaki ya kuanzia safari simu ikilia. Niliivua vespa kila kisichokuwa na faida: kioo cha mbele, kariya ya mizigo, tairi la akiba. Nikasafisha kabureta, nikatia plagi mpya, nikajaza tairi upepo mpaka zikalia zikigongwa. Dumu nikalifunga kwa kamba pale mbele nikalibana kwa miguu.

Unguja haina milima, na mwenye gari atakwambia ni tambarare tupu. Mtu anayehurumia petroli anajua kwamba si kweli. Yapo mainuko madogo madogo baada ya Tunguu ambayo nilikuwa sijapata kuyaona mpaka siku ile, na kila inuko lina upande wa pili, nami sikuuacha upande wa pili hata mmoja. Nilikamata klachi, vespa ikateleza kimya, nikasikia ndege. Kusi ilikuwa inavuma na mimi naielekea, kwa hiyo nilijikunja kidevu kikakaribia usukani. Watoto wa Tunguu waliniona nikipita hivyo, pole pole, nimejikunja kama mtu anayekimbizwa, wakacheka mpaka wakakaa chini. Jozani nilikuwa na mwendo mzuri, mkono umetulia, kisha kima punju wakaamua kuvuka, mmoja mmoja, mama na kitoto mgongoni, na wa mwisho akakaa kitako katikati ya barabara kujikuna. Nikafunga breki. Breki kamili. Nikamsikia marehemu akiguna.

Nilipopita Muyuni injini ikakohoa, nikafungua rizevu, ile petroli kidogo ya chini ya tangi. Kizimkazi niliingia nayo hiyo.

Mama mkwe akatoka. Kabla sijasema shikamoo alikuwa ameshainama, amefungua kamba, na dumu liko mkononi mwake. Akafungua kizibo, akanusa, akakirudisha.

"Petroli," alisema. "Mungu akuzidishie, mwanangu. Ndugu yangu boti yake imelala kwa kukosa hii hii, hata wageni hawapeleki kutazama pomboo."

Neno la kumzuia lilikuwapo. Lilikuwa fupi, na mtu yeyote kwao angelisema. Lakini nilikuwa kwa mama mkwe, natazama mikono yake, na mikono ile ilikuwa imeshika dumu kwa furaha.

"Naam, mama," nikasema.

Akalipeleka nyuma ya nyumba.

Mke wangu alikuwa uani kwenye mkeka, miguu imemvimba, amejifunga kanga mbili. Nilikaa karibu yake nikamnong'oneza kwamba mama amechukua petroli yangu ya kurudia. Alicheka mpaka akalishika tumbo kwa mikono miwili, na mimi nikamwomba asicheke, kwa hofu. Akasema basi nikamwambie mama. Nikamuuliza nimwambieje, mama nirudishie nilichokupa? Akasema atamwambia yeye. Nikasema asithubutu.

"Basi lala," alisema.

"Hapa?"

"Mie si nnalala hapa? Kuna nini?"

Baada ya sala ya Ijumaa nikapewa wali wa nazi na samaki wa kuchoma, nikala nikasifu, na kila tonge nilikuwa nahesabu maili. Alasiri nikaaga. Niliisukuma vespa mpaka barabarani nisionekane, nikaitikisa, nikainamisha sikio. Kimya. Nikazunguka maduka yote nikiuliza petroli ya chupa, ile inayouzwa shamba kwenye chupa za maji, na wauzaji wakanionesha chupa tupu kwa upole. Gari za abiria nazo zilikuwa zimepungua kwa shida hiyo hiyo, na ya mwisho ilikuwa imekwenda. Nikarudi naisukuma. Mama mkwe alikuwa mlangoni.

Aliniuliza kama imegoma. Nikasema imegoma kidogo. Akasema Mungu ndiye aliyetaka, nikoge nipumzike. Chumba cha mbele kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka ya kupigiwa pasi, kikoi kimekunjwa juu ya mto, na msuwaki mpya pembeni. Nilijiuliza ni lini aliyafanya yote yale, lakini aibu ilinizuia kufikiri sana. Nililala kwa heshima, chali, mikono kifuani, kama mtu anayekaguliwa. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia mke wangu akigeuka na kuvuta pumzi. Miezi miwili nilikuwa sijasikia hivyo. Nikashukuru kwa siri kwamba petroli imekwisha, kisha nikajilaumu kwa kushukuru.

Nilipotoka msikitini baada ya Alfajiri, mama mkwe alikuwa nje ameshabeba kikapu. Uchungu umeanza, alisema, twende.

Kituo cha afya hakikuwa mbali, lakini tulikwenda kwa vituo. Mke wangu alikuwa katikati, mama yake mkono mmoja na mimi mkono mmoja. Kila uchungu ulipomjia alisimama akanikamata bega, na kucha zake zikaingia. Uchungu ukipita aliniambia niwache kumtazama hivyo, nnamtia wasiwasi. Mlangoni wakanizuia, nikaonyeshwa benchi.

Mjomba wake, yule mwenye boti, akaja baadaye akakaa karibu nami. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe na kofia. Nilistaajabu kidogo kumuona nchi kavu wakati petroli nshampa, ila sikuuliza. Nilijua kanzu ile ni ya nini. Baba akiwa hayupo, mzee wa karibu ndiye anayeadhini, na yeye alikuja kwa kuwa kila mtu alijua kuwa mimi huwa nimeshaondoka.

Jua lilikuwa limeshapanda mama mkwe alipotoka na kanga mikononi, na ndani ya kanga pana kitu kinachotikisika. Mjomba akasimama, nami nikasimama. Mama mkwe akampita ndugu yake kama anavyopita mtu nguzo, akaja mpaka mbele yangu.

"Mwana wa kike," alisema. "Muadhinie mwanao."

Alikuwa mwepesi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa uzito na hapakuwa na uzito. Nikaelekea kibla, nikaliweka sikio lake la kulia karibu na mdomo wangu, nikafungua kinywa, na sauti ikanikwama. Nikakohoa. Hapo nikamkumbuka yule jirani yetu, nikataka kucheka na machozi yananitoka pamoja. Kisha ikaja. Niliadhini kwa sauti ndogo mpaka mwisho, nikamgeuza nikamkimia sikio la kushoto, na yeye akafungua jicho moja, akanitazama, akalifumba. Nilimpenda hapo hapo, kwa nguvu iliyonitisha. Nikasema moyoni, baba, sikuchelewa.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikaa mpaka jembe likafika: nilikuna nazi, nikachota maji, nikakitengeneza tena kile cherehani, na hakuna aliyenipa jina, au kama walinipa walinipa kwa lugha yao. Nilikuwa sijui nitarudi mjini vipi, na sikuona haraka ya kujua. Lakini duka lilikuwa limefungwa, watu wananipigia simu kuulizia vyerehani vyao, na pana akika ya kutayarisha. Nikamwambia mama mkwe kwamba nitajaribu kupata gari.

Alikwenda kwenye banda la kuni, mbali na jiko, akaondoa gunia lililorowana maji, akarudi na dumu la manjano. Kizibo alikuwa amekizungushia nailoni na kukifunga kwa uzi. Akaliweka baina ya miguu yangu.

"Petroli yako," alisema.

Nikauliza boti ya mjomba je. Akasema boti imelala na itaamka Mungu akipenda, lakini hii haikuwa yake.

"Ile asubuhi kabla hujaja nilimtazama mkeo, tumbo limeshashuka, nikajua haipiti siku ya pili," alisema. "Na alishanambia habari ya baba yako. Sasa ningekwambia lala, ungesema naam, mama, na jua likipinda ungeondoka. Mkwe hakai mpaka akose njia. Nikakuchukulia njia."

Nilimtazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya mke wangu, na alikuwa anajizuia kucheka.

Nilirudi mjini na kusi mgongoni. Sikukamata klachi penye miteremko wala sikujikunja. Kima punju walikuwa kando ya njia na hawakuvuka.

Petroli siku hizi ipo tele. Binti yangu anasimama pale mbele, mikono yake miwili juu ya usukani, na ananiamrisha nipige honi kila penye kuku. Tunakwenda Kizimkazi kila Ijumaa, mama yake nyuma, na mimi sijaacha kumweleza mambo ya breki ingawa hasikilizi. Bibi yake hutoka kabla sijazima injini na hupokea kilicho baina ya miguu yangu kabla ya kupokea salamu. Halafu, na mtoto begani, huniuliza kama nnayo petroli ya kurudia.

Mimi huishika vespa kwa mikono miwili mbele yake, nikaitikisa kulia na kushoto, na sote wawili tukainamisha sikio. Tangi lililojaa halisemi, nami hulijaza pomoni kabla ya kuingia kijijini.

"Sina, mama," humwambia.

Naye huingia ndani kutandika kitanda.